JUMA LA MBUNGE SI JUMAMOSI PEKE YAKE



Katika mkutano wa tawi letu hapa Miritini ndugu mmoja alisimama akasema hivi: "Mambo ya Haiti na mambo ya China ni ya wakubwa. Sisi mbunge na atuletee unga, basi." Watu wengi walimpigia makofi. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukupiga makofi, wala hatukumcheka, kwa maana twaijua nyumba yake, na twajua kwamba siku ile sufuria haikuinjikwa. Lakini neno lile likiachwa bila jibu litatudhuru sisi na watoto wetu. Kwa hiyo tunalijibu hapa, neno kwa neno, ili kila mtu alisome kwa nafasi yake na kumsomea mwenzake.

Kwanza tulitazame juma la mbunge. Bunge la Taifa linapokuwa kikaoni hukutana Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Katikati ya saa hizo kuna kamati, ambako mawaziri huitwa na hesabu za serikali hukaguliwa. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ijumaa hadi Jumatatu hurudi kwa watu wake: harusi, matanga, harambee, na mgao wa unga pakiwa na njaa au mafuriko.

Sasa tujiulize. Sisi humwona siku gani? Humwona Jumamosi. Tunamsifu kwa siku gani? Kwa Jumamosi. Je, fundi wa injini akija kazini siku moja tu ya kupiga gumzo na kugawa peremende, na siku nne nyingine hakuna amwulizaye alikuwa wapi, injini itakwenda? Hata mpaka Mazeras haifiki. Basi mbona twamkagua mbunge kwa kipimo ambacho msimamizi wetu hawezi kutukagulia sisi?

MSAADA SI SADAKA

Mwezi wa Novemba 2023 mvua za El Niño ziliigharikisha Mombasa. Wengi wetu tunaokaa mabondeni tuliamka maji yakiwa yamefika kitandani. Siku chache baadaye ilikuja gari yenye unga. Hatulitaji jina la aliyeileta, kwa sababu ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Tulipangwa mstari juani. Mama mmoja, mjane wa mwenzetu wa reli, aliambiwa jina lake halimo katika orodha. Orodha iliandikwa na nani? Hakuna aliyejua. Alisimama pale mpaka watu wakapungua, kisha akapewa pakiti moja ya kilo 2, na kabla ya kuipokea akaambiwa atazame picha na acheke. Akacheka. Sisi tulikuwepo, tukanyamaza. Haya hiyo ni yetu pia.

Ndugu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Imesema haki. Haikusema hisani ya mheshimiwa. Haki haina haja ya picha. Mshahara wako unapoingia mwisho wa mwezi, karani wa mishahara hakuambii ucheke kwanza.

Tena unga ule ulinunuliwa kwa fedha ya nani? Itazameni karatasi yenu ya mshahara. Yamo makato ya kodi. Yamo makato ya nyumba, asilimia 1.5. Yamo makato ya bima ya afya, asilimia 2.75. Ukitoka hapo, ukinunua sabuni unalipa ushuru tena. Cha mlevi huliwa na mgema: tunalipa gunia, tunarudishiwa kibaba, na juu yake tunasema asante.

Na tukumbuke mwezi wa Julai 2022. Bei ya pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200. Tarehe 20 Julai serikali ikatangaza kuwa itauzwa shilingi 100. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Ilipofika Septemba, ruzuku ile ilikuwa imekwisha, na tumbo letu likabaki lile lile. Msaada unaofuata kalenda ya kura na kuiacha kalenda ya njaa si msaada. Ni chambo, na sisi ndio samaki.

MAMBO YA NJE YAMO NDANI YA NYUMBA

Ndugu yetu alisema mambo ya nchi za nje ni ya wakubwa. Tunamwomba atoke nje ya kibanda chake hapa Miritini atazame. Ataiona stesheni kubwa ya reli mpya. Hiyo ndiyo siasa ya nje, imejengwa kwa saruji na chuma.

Mwaka 2014 serikali yetu ilitia sahihi mikopo ya zaidi ya dola bilioni 3 na Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Ili deni lilipike, uliwekwa ushuru wa maendeleo ya reli tangu mwaka 2013, ukianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Hata robota la mitumba likishuka bandarini hukutana na reli kabla ya kukutana na mvaaji. Basi mama wa Jomvu anayemnunulia mwanawe shati Kongowea anailipia reli hata kama hajapanda gari la moshi maisha yake yote.

Na mikataba ile ilisema nini? Kwa miaka mingi mwananchi alikatazwa kuiona. Watu walikwenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamuru ifunguliwe. Novemba 2022 ndipo sehemu ya karatasi zile ikatolewa hadharani, miaka minane baada ya sahihi. Katika miaka ile minane, Jumanne ngapi zilipita? Jumatano ngapi? Wabunge walikuwa mle ndani wakilipwa, na kazi yao ni kuuliza. Na sisi kila Jumamosi tulikuwa na nafasi ya kuwaambia waulize. Tuliuliza unga.

Kisha yakaja ya mwaka 2019. Mwezi wa Agosti ilitolewa amri kwamba mizigo yote ya nchini na ya kupita ipelekwe Nairobi kwa reli. Sisi wa reli tungaliweza kufurahi, maana kazi ilikuja kwetu. Lakini ndugu zetu madereva na mautingo walikaa barazani, gereji za Changamwe zikakosa malori, na akina mama wa vibanda vya chakula kutoka hapa hadi Mariakani wakapika wasipate mlaji. Watu wa Mombasa waliandamana. Amri ikasimamishwa Oktoba mwaka ule ule, na Septemba 2022 Rais mpya akatangaza kuurudisha Mombasa utoaji wa mizigo. Tazameni basi: deni lililoandikwa mbali lilimfikia muuza maharagwe wa Miritini mpaka kwenye sufuria yake. Nani atasema tena kuwa hayo ni mambo ya wakubwa?

Tarehe 25 Juni 2024 ilikuwa Jumanne. Tuiweke siku ile moyoni. Alasiri ile Bunge la Taifa liliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Nje vijana walikuwa wakisema hawawezi kulipa zaidi, wakaingia mpaka ndani ya Bunge, na wengine wakauawa kwa risasi. Siku hiyo hiyo polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kwa kazi ambayo Bunge liliikubali tarehe 16 Novemba 2023, ndiyo Novemba ile ile ya mafuriko yetu. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi Mswada ule.

Sisi hatuna ugomvi na watu wa Haiti. Ni watu weusi waliojikomboa utumwani wakasimamisha taifa lao mwaka 1804, na mateso yao tunayaonea uchungu. Pengine mtu mwenye haki angepima akasema tuwasaidie. Lakini nani alikuja kutupimia? Polisi wale ni watoto wa maskini kama sisi. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema njia iliyotumika kuwapeleka haikufuata Katiba. Je, yuko mbunge aliyesimama mbele ya wafanya kazi Jumamosi moja akaeleza alipiga kura gani juu ya Haiti, na kwa nini? Kama yuko, sisi hatujamsikia. Na sisi pia hatukumwuliza.

Hata gunia la msaada lenyewe lina safari yake ya nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za kigeni, na mwaka huo mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kakuma na Dadaab ukapunguzwa. Mtu aliye mbali alifunga mkono, na mtoto wa Turkana akalala njaa. Anayengoja kulishwa na jirani hana budi kujua jirani ameamkaje.

BABA ZETU WALIULIZA NINI?

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli na wa majumbani, wapatao 15,000, waliweka kazi chini. Hawakuwa na kura hata moja. Walikutana katika kiwanja walichokiita Kiwanja cha Maskini. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Bwana Eliud Mathu, aliyeteuliwa mwaka 1944, hata kuchaguliwa nao hakuchaguliwa. Lakini ilibidi aje Mombasa kuzungumza nao, na wakarudi kazini baada ya kuahidiwa kuwa madai yao yatachunguzwa. Hawakumwomba posho ya siku moja. Walidai mshahara wa kumtosha mtu na nyumba ya kulala binadamu.

Wao hawakuwa na kura, na mjumbe alikuja kuwajibu. Sisi tuna kura, na mjumbe akija twamshika mkono tukitazama mfukoni mwake. Nani aliye huru hapo?

Tuliosoma shule za misheni tunamjua Esau. Alirudi kutoka mawindoni na njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Yakobo alifanya hila, kweli. Lakini Esau alikula, akanywa, akaondoka zake, asijue alichokipoteza mpaka siku ya baraka. Ndugu, tusiwe Esau.

Tunajua atakuwako mtu wa kutujibu hivi: "Mwenye njaa hawezi kungoja kumbukumbu za Bunge." Ni kweli, naye asingoje. Unga ukija upokeeni, ni mali yenu. Mwenye mtoto anayelia asione aibu. Lakini mkono mmoja ukipokea pakiti, mkono mwingine ushike karatasi ya maswali. Tunachokataa ni kule kupokea na kunyamaza.

TUNAPENDEKEZA HAYA

Tunaliomba kila tawi lizungumze mambo manne, lilete majibu katika mkutano ujao.

1. Kila msaada ugawiwapo mtaani, orodha ya majina ibandikwe mahali pa wazi siku mbili kabla, na wafanya kazi na akina mama wawe katika kuiandika. Asipigwe mtu picha akipokea chakula.

2. Kila tawi lichague watu wawili wa kusoma kumbukumbu za Bunge, ambazo huchapwa na kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Kura zikihesabiwa kwa majina, majina hayo huandikwa. Watuletee kila mwezi: mbunge alikuwako au hakuwako, alisema nini, alipiga kura gani.

3. Mbunge akija Jumamosi aulizwe kwanza habari za Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Baadaye ndipo tuzungumze ya unga.

4. Mkopo au mkataba wowote na nchi ya nje unaogusa reli, bandari au kazi zetu, tuudai tuuone kabla ya sahihi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tuitumie. Kalamu tunazo.

Kwa ndugu yetu aliyesema maneno yale mkutanoni: hatukuandika haya kukuaibisha. Ulisema kwa sauti yale ambayo wengi wetu huyasema kimoyomoyo. Tunakuomba uwe mmoja wa wale wawili watakaosomea tawi la Miritini kumbukumbu za Bunge. Njoo Jumapili baada ya zamu. Karatasi ya kwanza tunayo tayari, na chai itakuwapo.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa kazi,
Tawi la Miritini