Sikio Ndilo Linalofika Mbali

Miongoni mwa wanaredio wa ridhaa, wale wanaorusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi yao na si kwa kazi ya mshahara, kuna imani iliyoota mizizi kiasi kwamba mgeni huipokea siku ya kwanza kana kwamba ni kanuni ya maumbile: ukitaka kuongea na Japani au Brazili kutoka Tanga au Kisumu, kwanza tafuta fedha. Nunua amplifaya ya kilowati, simamisha mnara, pandisha juu yake antena ya vyuma vingi inayozungushwa na mota, ndipo uanze kuwaza masafa marefu. Imani hii si ya kweli, na madhara yake ni makubwa. Inamkatisha tamaa kijana ambaye angekuwa mwanaredio hodari, na yule anayebaki inamharibu, kwa kuwa inamfundisha kwamba kila asiposikika dawa ni kuongeza moto. Mawasiliano ya mbali ni ufundi wa kusikiliza. Nguvu ya mtambo ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo iko nyuma ya sikio, nyuma ya saa ya ukutani, na nyuma ya waya uliofungwa mahali panapofaa.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo imani hii inapoanza kubomoka. Nguvu ya ishara hupimwa kwa desibeli, na kwenye kipimo kilicho usoni mwa redio, kile cha kuanzia 1 hadi 9, kila hatua imekubaliwa kuwa ni desibeli 6. Desibeli 6 ni nguvu mara 4. Kwa hiyo mwenye wati 100, ambazo ndizo zinazotolewa na redio ya kawaida ya mezani, akitaka msikilizaji wa ng'ambo aone sindano imepanda hatua moja tu, lazima afike wati 400. Akipanda hadi wati 1,500, kikomo kinachoruhusiwa Marekani, atakuwa amezidisha nguvu mara 15 na kuambulia desibeli zisizofika 12, yaani hatua mbili kasoro kidogo. Aliyekuwa akisikika kwa 7 sasa atasikika kwa 9, na mazungumzo yatakuwa yale yale. Ukishuka upande wa pili, mwenye wati 5, kipimo cha wale wanaopenda kufanya kazi kwa nguvu ndogo, yuko desibeli 13 chini ya mwenye wati 100, hatua mbili na kitu. Njia ya anga ikiwa wazi, tofauti hiyo inamezeka. Ikiwa imefungwa, kilowati haiifungui. Tena amplifaya hiyo, pamoja na bei yake yote, haiongezi chochote upande wa kupokea, na mawasiliano yana pande mbili.

Historia ya fani hii inatoa ushahidi ule ule kwa namna iliyo wazi zaidi. Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, kwa sababu wakati huo mawimbi hayo yalidhaniwa hayafai kwa safari ndefu. Makampuni yaliyopeleka ujumbe kuvuka bahari yalitumia mawimbi marefu mno na mitambo mikubwa mno. Mwezi Februari 1921 wanaredio wa Marekani walijaribu kwa mpango kusikika Uingereza, na jaribio hilo likashindwa. Waingereza hawakupata ishara hata moja ya kuthibitisha. Chama cha wanaredio wa Marekani, ARRL, hakikukimbilia kudai mitambo mikubwa zaidi pekee. Kilichagua msikilizaji. Paul Godley, mtaalamu wa vipokezi, alipandishwa meli na kipokezi bora kuliko vingi vya wakati wake, akapiga hema katika baridi na mvua ya Ardrossan, pwani ya Scotland, akatandaza waya wa mamia ya mita kuelekea Amerika. Desemba ya mwaka ule ule alinasa vituo vingi vya ridhaa vya Marekani, na kutoka kituo cha 1BCG cha Connecticut akapokea ujumbe kamili.

Mtu anaweza kusema kwamba 1BCG kilijengwa mahsusi kwa jaribio lile na kilikuwa na nguvu ya kilowati moja hivi, na kwamba usiku wa Desemba una anga nzuri kuliko ule wa Februari. Yote mawili ni kweli. Lakini Godley alisikia pia vituo vya kawaida, vya watu waliokuwa wakirusha kutoka nyumbani kwao, na badiliko kubwa kati ya Februari na Desemba lilikuwa kwenye hema la Ardrossan. Miaka miwili baadaye, Novemba 1923, Léon Deloy wa Nice alizungumza pande zote mbili na Fred Schnell na John Reinartz wa Marekani. Walifanikiwa kwa kushuka hadi mawimbi ya mita 100 hivi, mahali ambapo wataalamu wengi hawakutazamia lolote. Oktoba 1924 Frank Bell wa New Zealand aliongea na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill jijini London, karibu upande wa pili wa dunia. Watu hawa hawakuishinda bahari kwa kuzidi kurusha kwa nguvu. Walikwenda mahali ambapo anga yenyewe inabeba ishara.

Na anga inabeba kwa ratiba. Mwanga wa jua hutengeneza tabaka za chembe zenye chaji juu yetu. Tabaka la F, kilomita 250 hadi 400 juu, hurudisha mawimbi duniani kwa mruko mmoja unaoweza kufika karibu kilomita 4,000. Tabaka la D, lililo chini zaidi, hunyonya mawimbi ya bendi za chini mchana na kutoweka jua linapotua. Juu ya hayo kuna mzunguko wa madoa ya jua wa miaka 11 hivi. Huu wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019 na ukafikia kilele 2024. Mwanaredio wa Nairobi anayetaka Tokyo, zaidi ya kilomita 11,000, anapaswa kujua kwamba saa nne asubuhi kwake ni saa kumi jioni kule, na kwamba wakati huo njia nzima ina mwanga, kwa hiyo miaka jua linapokuwa na nguvu bendi za mita 15 na mita 10 zina nafasi nzuri. Akisubiri hadi saa sita usiku, kwa kawaida mawimbi yake ya mita 10 yatalitoboa tabaka lililodhoofika na kupotea angani, awe na wati 10 au 1,000. Anapaswa kujua pia kile kipindi kifupi cha machweo, kwetu kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, ambapo tabaka la D limeanza kufa huku la F likiwa bado hai, na bendi za chini zikaleta sauti ambazo saa moja kabla hazikuwapo. Elimu hii haiuzwi pamoja na amplifaya. Programu ya VOACAP inayokadiria njia hizi inapatikana bure kwenye intaneti, na hata hiyo ni mwanzo tu, kwa sababu makadirio ni ya wastani na anga ya leo ni ya leo.

Ufundi wa kusikiliza huonekana zaidi pale kituo adimu kinapotokea hewani, tuseme timu iliyotua kwenye kisiwa kisicho na watu kama Bouvet, na mamia ya vituo kuita kwa pamoja. Timu hurusha kwenye masafa mamoja na kusikiliza mengine, mara nyingi kilohezi 5 juu au zaidi, ili sauti yao isifunikwe na waitaji. Aliyelelewa kwa imani ya nguvu huwasha mtambo wake na kuita papo hapo, mara nyingi juu ya masafa ya timu yenyewe, na kwa kilowati yake anawaharibia watu wa mabara matatu. Aliyefundishwa kusikiliza hukaa kimya kwanza. Anamtafuta yule aliyejibiwa sasa hivi, anaandika alikuwa masafa gani, anamtafuta wa pili na wa tatu, na baada ya muda anajua opereta wa kisiwani anasogeza kipokezi chake juu au anakishusha, kwa hatua kubwa au ndogo, na lini anaomba bara fulani tu. Kisha anajiweka mahali sikio la opereta litakapofika baada ya jibu moja au mawili, anaita mara moja, kwa ufupi. Wati 100 zikiwa mahali sahihi hushinda wati 1,500 zilizo mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Mwongozo wa maadili unaokubaliwa na wanaredio wa masafa marefu duniani umeweka kusikiliza kuwa agizo la kwanza kabisa, na sababu yake ni ya kiufundi kama ilivyo ya heshima.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaofanya kazi kwenye bendi ya mita 160 na wale wanaogonganisha mawimbi na mwezi. Kwenye mita 160 kelele za anga ni nyingi na antena fupi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Safari ya kwenda mwezini na kurudi kwenye megahezi 144 hupoteza desibeli 250 na ushei. Huko nguvu inahitajika, nakubali bila kusita. Lakini mwanafunzi haanzii huko, na si haki kuchukua sharti la pembe mbili ngumu za fani na kulifanya mlango wa fani nzima. Isitoshe, hata huko hatua kubwa ya miaka ya karibuni imetoka upande wa kupokea. Joe Taylor, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, ni mtaalamu wa astronomia ya redio, sayansi ambayo kazi yake kubwa ni kupokea ishara hafifu kutoka angani. Mtu huyo ndiye aliyewaletea wanaredio WSPR, mfumo wa kusoma ishara hafifu kwa kompyuta, mwaka 2008, na mwaka 2017, pamoja na Steve Franke, akaleta mfumo mwingine wa kompyuta, FT8. Kwa WSPR kituo cha wati 0.2 husikika kuvuka bahari kila siku. FT8 husoma ishara iliyo dhaifu mara 100 kuliko kelele inayoizunguka kwenye upana wa kilohezi 2.5.

Hapa huibuka pingamizi la pili, kinyume cha la kwanza: kwamba basi kompyuta imeua ufundi, na kwamba orodha za mtandaoni zinazotangaza nani yuko wapi zimemaliza haja ya sikio. Sikubali. Kompyuta husoma ishara iliyofika. Haiamui kwamba jioni hii ni ya mita 20 au mita 15, haioni kwamba njia ndefu ya kuzunguka dunia upande wa pili imefunguka, haichagui nafasi iliyo tupu upande wa msikilizaji wa mbali. Orodha ya mtandaoni hukuambia alichosikia mtu wa Italia dakika tatu zilizopita, na anga ya Italia si ya Mwanza. Tena orodha hiyo humleta kila mwenye kilowati mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mwenye sikio humkuta mgeni kabla hajatangazwa, anapoita na hajibiwi, na hapo wati 10 zinatosha.

Watasema pia kwamba antena nzuri ni ghali. Dipoli ya mita 20 ni waya wa mita 10, mita 5 kila upande, na fundi yeyote wa umeme mtaani anaweza kusaidia kuuunga. Kwa watu wa pwani kuna neema ya ziada: maji ya chumvi ni ardhi bora kuliko zote kwa antena ya wima, kwa kuwa huiwezesha kurusha chini kabisa karibu na upeo wa macho, pembe inayohitajika kwa miruko mirefu. Fimbo ya mita 5 iliyosimamishwa ukingoni mwa bahari Pangani, Lamu au Zanzibar, na nyaya chache chini yake, inaweza kuishinda antena ya bei kubwa iliyo kwenye paa la katikati ya jiji. Huko mjini adui ni kelele za chaja, taa za LED na inveta za sola, na hakuna amplifaya inayozizima. Fedha ya kwanza ya mwanaredio wa mjini itumike kuzisaka kelele hizo nyumba kwa nyumba, kwa adabu na majirani.

Kuna jambo jingine ambalo imani ya nguvu huwaficha wanaredio wa Afrika Mashariki. Alama za wito zinazoanza na 5H za Tanzania, 5Z za Kenya, 5X za Uganda, 9U za Burundi na 9X za Rwanda zinatafutwa sana duniani, kwa kuwa vituo vyetu ni vichache na mwenye kukusanya mawasiliano ya nchi mbalimbali anahitaji kila moja. Mwanaredio wa Dodoma anayeita kwa wati 50 hafanani na yule wa Ujerumani anayeshindana na maelfu ya majirani. Vituo vyenye antena kubwa vya Ulaya, Japani na Marekani vinamgeukia yeye. Ugumu wake utakuwa kuwapanga waitaji na kuzisoma ishara zilizopandana, kazi ambayo ni ya sikio tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo napendekeza mafunzo ya vilabu yaanze na kipokezi, na kitufe cha kurushia kingoje. Zana ipo tayari hewani. Kuna mtandao wa vinara 18 vya kimataifa, kimoja kikiwa Kenya kwa alama ya 5Z4B, vinavyopokezana kwenye megahezi 14.100 na masafa mengine manne, kila kimoja kwa sekunde 10, hivi kwamba mzunguko mzima ni dakika 3. Kila kinara hutuma alama yake kwa Morse na mstari wa kwanza kwa wati 100, kisha mistari mitatu kwa wati 10, wati 1 na wati 0.1. Mwanafunzi aketi na daftari, alfajiri, adhuhuri, machweo na usiku, aandike amesikia kinara gani na mistari mingapi, bendi kwa bendi, kwa mwezi mzima. Atajifunza anga yake mwenyewe, na ataona kwa macho yake ni mara ngapi mstari wa wati 1 kutoka ng'ambo ya bahari unasomeka. Gharama ya zoezi hili kwa klabu ni kipokezi kimoja cha masafa mafupi, waya wa mita 10, na saa iliyosahihishwa hadi sekunde.