Tukikikosa, Kipi Kitaharibika?

Kila zinapobaki siku chache kabla ya Idi, Mtaa wa Kongo na Msimbazi hufurika watu kiasi cha kutopitika. Baba aliyekusudia kununua kanzu moja hurudi na mifuko minne, na mama aliyefuata viatu vya watoto hurudi na mapazia. Kununua si dhambi, na Kariakoo ni riziki ya maelfu ya Waislamu. Linalotushughulisha ni fedha hiyo inakotoka, na kile kilichoachwa bila ya kulipiwa.

Katika miaka ya karibuni jiji letu limezoea mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la “kausha damu”. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikiendeshwa bila ya leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018, lakini hakuna sheria inayoweza kumzuia mtu kubonyeza simu yake usiku wa manane kwa ajili ya sare ya harusi. Uharamu wa riba hauna mjadala. Swali ni kwa nini anayeujua uharamu huo anaiendea. Wapo wanaosukumwa na maradhi au njaa, na hao ni dhima yetu sisi majirani zao. Lakini wapo wanaosukumwa na macho ya watu.

Wanazuoni walikwishatuwekea mizani. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, na baada yake Imam al-Shatibi, aliyefariki mwaka 790, waliyapanga maslahi ya mwanadamu katika daraja tatu. Kwanza ni dharura, nazo ni kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Pili ni haja, ambazo huondoa uzito na dhiki. Tatu ni tahsini, yaani mapambo na ukamilifu. Lililo dharura halivunjwi kwa ajili ya pambo. Elimu hii tunaisomesha darasani kana kwamba ni ya mamufti peke yao, ilhali mwenye kuihitaji kila siku ni yule anayeshika pochi.

Mizani hii haitazami jina la kitu. Simu ya kisasa kwa kijana wa bodaboda anayepatia abiria humo ni haja; kwa mwenziwe anayeibadilisha kila mwaka ni pambo. Basi kabla ya kutoa fedha na tujiulize: tukikikosa kitu hiki, kipi kitaharibika? Kitaharibika kwa nani? Na baada ya muda gani? Pazia likikosekana, hakuna kilichoharibika. Kodi ya chumba ikikosekana, familia italala nje. Mtaji wa genge ukiliwa leo, chakula cha wiki ijayo kimekwisha kuliwa.

Kamati za misikiti nazo zinahusika. Michango ya marumaru na mazulia hupatikana kwa wepesi, kwa kuwa zulia huonekana na mfadhili hutajwa. Mwalimu wa madrasa asiyepata posho haonekani, mpaka siku anapoacha kuja na watoto wakabaki barazani bila ya msomeshaji.

Huenda mtu akasema tunawanyima watu furaha ya Idi. La hasha! Kujipamba siku hiyo ni Sunna, na Suratul Furqan imewasifu waja wa Rahmani kwa kushika njia ya kati, baina ya israfu na ubakhili. Kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa na kupigwa pasi haiipunguzii Idi kitu. Kinachoipunguza ni mdai kubisha hodi siku ya pili.

Ndugu Waislamu, kabla Shaabani haijamalizika, mume na mke wakae waandike matumizi yao katika safu tatu: dharura, haja na pambo. Kamati nazo ziusomee umma hesabu zao kwa mpango huo huo baada ya Ijumaa. Wenye kuona safu ya kwanza ina pengo watajua wapi pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.