Sahihi ya Mwenyekiti si Ridhaa ya Mwenye Nyumba



Nabothi aliombwa na mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu. Aliahidiwa shamba lililo bora zaidi, au fedha. Alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Tunaisoma habari hiyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, na wengi wetu tunakumbuka mauaji yaliyofuata. Tunasahau jinsi yalivyoandaliwa: zilitumwa barua zenye muhuri wa mfalme, wazee wa mji wakazitii, mashahidi wa uongo wakapatikana. Dhuluma ile ilikuwa na karatasi zake zote.

Nasi wa Dutumi na vijiji vya jirani, kati ya Kibaha na Kisarawe, tunaishi katika nchi inayotamaniwa na wengi. Jiji la Dar es Salaam linajengwa kwa mchanga na kokoto za mkoa wetu wa Pwani. Reli ya kisasa imepita, Bandari Kavu ya Kwala ilizinduliwa mwaka 2025, na watu walioshindwa na bei za viwanja vya mjini wanakuja kujenga huku. Makazi yanapanuka kuelekea machimbo, na machimbo yanapanuka kuelekea makazi. Yakikutana, ni yapi yatakayoambiwa yapishe?

Sheria inajibu waziwazi kuliko tunavyosikia vijiweni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kuchimba ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, isipokuwa awe na ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Mchanga na kokoto ni madini pia mbele ya sheria hiyo. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za miradi mikubwa zipimwe na wananchi wasikilizwe kabla kazi haijaanza.

Tuliangalie vema neno hilo, mkaaji. Haikuandikwa ridhaa ya mwenyekiti, wala ya diwani, wala ya wazee watano waliokutana jioni na mgeni mwenye gari. Kiongozi anayetia sahihi kwa niaba ya nyumba asizolala ndani yake anagawa kisicho chake. Wala tusidanganywe na madawati. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliufanya mchango kwa jamii kuwa wajibu wa mwenye leseni. Dawati, basi, ni deni linalolipwa. Haliwezi kuwa bei ya kunyamaza.

Tutaambiwa kwamba tunapinga maendeleo. Hatupingi uchimbaji, nyumba zetu wenyewe zimejengwa kwa mchanga huo huo, na vijana wetu wanahitaji kazi. Tunapinga shimo kusogezwa hadi mlangoni pa mtu ambaye hakuulizwa.

Tutaambiwa pia kwamba pengine machimbo yalitangulia. Ni kweli. Huko Wazo, Dar es Salaam, kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1966, mji ukakifuata, na mgogoro wa ardhi ya Chasimba ukawafikisha kiwanda na wakazi mahakamani. Auzaye kiwanja bila kumwonyesha maskini mipaka ya leseni huenda zake na fedha. Anayebaki na kesi ni mnunuzi. Ndugu, ulizeni kabla ya kununua.

Haki pia inatudai sisi. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, kuzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002, watu wanalo neno "tegesha": kujenga kibanda au kupanda miti haraka haraka ili kuvuna fidia. Udanganyifu huo huwapa wakubwa kisingizio cha kumtilia shaka hata mama ambaye ukuta wake umepasuka kweli. Mkristo asitegeshe.

Tufanye nini? Kila jumuiya ndogo ndogo ipime kwa futikamba umbali kati ya nyumba na shimo, na iandike kila ufa na tarehe yake. Mkutano Mkuu wa Kijiji udai kusomewa mipaka ya leseni hadharani. Mtu asitie sahihi peke yake usiku. Anayekataa aandike sababu zake, kwa maana sheria inampa Waziri uwezo wa kuliondoa sharti la ridhaa pale anapoona imenyimwa pasipo sababu ya haki. Ukimya wetu utasomwa kama ukaidi mtupu.

Wala tusilifanye jambo hili kuwa la parokia. Ndugu zetu Waislamu wanavuta vumbi lile lile. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA zilitoa kwa pamoja ripoti juu ya madini na mapato yake. Ikiwa viongozi wetu waliweza kuketi meza moja, nasi tuketi chini ya mwembe mmoja.

Wazee wa mji wa Nabothi walikuwa na nafasi ya kuzirudisha zile barua, wasiitumie. Sisi bado tunayo.