Kuipasua Programu Si Kuisanifu

Kauli inayorudiwa katika mikutano ya wahandisi wa programu, kwamba kampuni ambayo haijaukata mfumo wake kuwa huduma ndogondogo imepitwa na wakati, inastahili kukanushwa waziwazi, kwa kuwa imekwishateketeza fedha na usingizi wa watu wengi. Huduma ndogondogo ni mtindo wa usanifu uliovuma baada ya makala ya James Lewis na Martin Fowler ya mwaka 2014, ambamo programu moja hugawanywa kuwa nyingi, kila moja ikiendeshwa peke yake na kuwasiliana na nyingine kupitia mtandao.

Kosa la msingi ni kuamini kwamba mpangilio mzuri huletwa na mtandao. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alikwisha kueleza namna ya kuigawa programu katika moduli, yaani sehemu ambazo kila moja huficha uamuzi unaoweza kubadilika, na kanuni hiyo haihitaji hata waya mmoja kati ya moduli na moduli. Sehemu mbili zilizo ndani ya programu moja huitana kwa kasi kubwa na bila kupotezana. Zikitenganishwa na mtandao, wito huchelewa, hupotea au hufika mara mbili, na malipo ambayo hifadhidata moja ingeyakamilisha yote au kuyafuta yote hubaki yamekatwa upande mmoja bila kuingia upande wa pili. Timu iliyoshindwa kupanga moduli zake zikiwa pamoja haitaziweza zikitawanyika.

Watetezi wa huduma ndogondogo hukimbilia jina la Netflix, kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni, na kudhani wamemaliza mjadala. Netflix ilikamilisha uhamaji wake kwenda kwenye wingu na huduma ndogondogo mwaka 2016, mwaka uleule ilipofikisha huduma katika nchi zaidi ya 190. Kampuni yenye wahandisi sita na wateja wa mkoa mmoja inajifananisha nayo kwa lipi? Watetezi haohao hawaitaji Prime Video ya Amazon, ambayo timu yake moja ilieleza mwaka 2023 kwamba iliunganisha sehemu za mfumo wake wa kukagua ubora wa video kuwa programu moja, na gharama zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Ugonjwa huu wa kuipasua kila programu umeingia hata katika matangazo ya kazi, ambako kijana anayeimudu hifadhidata barabara hukataliwa kwa kutojua Kubernetes, chombo cha kusimamia programu nyingi katika seva nyingi, ilhali mwajiri anayemkataa analipia kwa dola, mwezi baada ya mwezi, rundo la seva kwa kazi ambayo seva moja ingeitosheleza.