Kitabu cha Nini, Filamu Si Ipo?

Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Juzi nimeambiwa tena, safari hii Newala, na binamu yangu fundi simu. Tulikuwa tumemaliza kuitazama "Steve Jobs" ya 2015 kwenye laptopu, mimi mkalimani. Kaiongoza Danny Boyle, kaandika Aaron Sorkin. Mkobani nilikuwa na kitabu cha Walter Isaacson cha 2011, ambacho ndicho filamu imekitegemea. Binamu akakipima uzito kwa mkono, akacheka, akanirudishia.

Niseme ukweli, filamu ni tamu. Watu wanabishana nyuma ya jukwaa mara tatu: 1984 wakizindua Macintosh, 1988 NeXT, 1998 iMac. Basi. Hakuna ngumi, hakuna gari kulipuka, kwenye kibanda umiza wangedai hela zao, ila macho huwezi kuyabandua. Isaacson yeye kajaza kurasa zaidi ya 600, na anaandika kama karani wa ghala la korosho, kila gunia limehesabiwa.

Lakini tazameni wanavyomfanya Lisa. Kazaliwa 1978, baba kamkana, vipimo vimesema ni wake, bado baba kakaza shingo. Filamu haikuyaficha hayo. Kisha inatuchezea. Inamleta binti akiwa na miaka 19, dakika chache kabla ya uzinduzi, baba anakiri kwamba kompyuta iliyoitwa Lisa ilibeba jina lake, halafu anamwahidi kifaa cha kubebea muziki mfukoni. Taa, makofi, kasamehewa. Yaani msamaha umelipwa kwa bidhaa!

Kwenye kitabu hakuna jioni ya namna hiyo. Lisa alihamia kwa baba yake angali mwanafunzi, akaishi na Laurene, mke wa baba. Walipatana, wakanuniana, wakapitisha miezi bila kusemezana, wakarudiana. Laurene na watoto wake Sorkin kawafuta kana kwamba hawajazaliwa. Watetezi watasema hii ni picha ya kuchora, siyo ya kupiga. Sawa, mchoraji ana ruhusa. Mimi nauliza kwa nini ruhusa yote imetumika kumsafisha baba.

Mama mkubwa, aliyekuwa anabangua korosho pembeni, ndiye aliyeuliza la maana: "Kwani huyo mtoto hana wajomba?" Kwetu Wamakonde ukoo ulihesabiwa kwa mama, baba akikukana, mjomba yupo. Filamu haina pa kuliweka swali hilo, maana mama mtu, Chrisann Brennan, imemwachia kazi ya kudai hela tu. Kitabuni ana historia. Alikuwa mpenzi wa Jobs tangu sekondari, akajifungulia shambani huko Oregon, na siku tatu baadaye Jobs akafika, wakachagua jina la mtoto pamoja. Pamoja! Halafu huyo huyo akasema mtoto si wangu. Hilo tukio moja linanitisha kuliko mabishano yote ya Sorkin, na kwenye filamu halimo.

Binamu yangu ana mtoto wa miaka minne Masasi. Kutoka Newala ni safari ya kuteremka tu, na mwaka huu hajaenda hata mara moja. Filamu ilipoisha alinyoosha miguu, akaniambia, "Unaona, kaka? Akikua wataelewana tu."

Nimemwachia kitabu. Kiingereza chake ni cha kwenye menyu za simu, najua. Sura ya saba nimeikunja kona, na Jumamosi napanda tena Newala tukaisome wote.