Kosa Silo la Kiswahili

Wako walimu wasemao kwamba Kiswahili ndicho kiharibucho Kiingereza cha vijana. Kijana wa Kilindoni, kisiwani Mafia, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyoagizwa mwaka 1967, huingia sekondari akakuta hata biolojia yafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Akiandika “He did not wrote”, hukatwa kwa wino mwekundu, na lugha ya mama yake hutiwa hatiani.

Hukumu hiyo haina shahidi. Katika neno “hakuandika”, ha- hukanusha, -ku- huonyesha wakati uliopita, na shina “andika” hubaki kama lilivyo. Kiswahili hutaja wakati mara moja tu. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo: “did” likishabeba wakati, “write” halibebeshwi tena. Kijana angalifuata lugha yake, asingalikosa. Kilichompoteza ni orodha ya “write, wrote, written”, aliyoikariri bila kuelezwa kazi yake.

Ni kweli kwamba “He write” huenda ikatokana na Kiswahili, maana katika “anaandika” nafsi huonekana mwanzoni, wala mwishoni hakuongezwi kitu. Lakini hata hilo halitibiwi kwa kupiga Kiswahili marufuku darasani. Hutibiwa kwa kuziweka lugha zote mbili ubaoni, ionekane wazi kwamba Kiingereza hutia alama yake mwishoni: “He writes”.

Mwalimu wa Kiingereza asiyeijua sarufi ya Kiswahili amepungukiwa nusu ya zana zake. Na ajifunze kwanza, ndipo ahukumu.