PESA ZA ALIZETI ZISIZIKWE KWENYE GIABOKSI YA MTUMBA

Ndugu Wanachama,

Mkutano mkuu unakaribia, na maneno yamekwisha zagaa kila kona. Eti pikapu ya ushirika imekufa giaboksi. Eti dawa yake ni kila mwanachama akatwe shilingi 3,000 kwa kila gunia la alizeti, inunuliwe giaboksi nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Wengine wanasema gari liuzwe kabisa, kwani gari la otomatiki ni la watu wa mjini, huku kwetu halifai.

Sisi tunasema hapana. Asikatwe mtu hata senti tano mpaka ugonjwa wa gari ujulikane. Mpaka leo haujulikani. Kinachojulikana ni dalili tu, nazo ni hizi:

(a) Asubuhi dereva akiweka D, gari linakaa kimya kwanza, halafu linashtuka kama punda aliyechapwa.

(b) Likipanda Sekenke na mzigo, gia zinapanda na kushuka bila kutulia. Enjini inalia, mwendo hauongezeki.

(c) Mara mojamoja taa ya O/D OFF inawakawaka yenyewe na gia zinagoma kubadilika. Gari likizimwa na kuwashwa, linapona. Baada ya siku mbili linaugua tena.

Sasa tuulizane: aliyesema giaboksi imekufa aliipima kwa nini? Aliendesha gari hatua mia, akatega sikio, akatamka, "Hii kwisha." Hakuvuta kijiti cha oili. Hakuingia chini ya gari. Hakulipima kwa kompyuta. Ndugu zangu, mtu akifika zahanati na homa, mganga humpima damu kwanza aone kama ni malaria. Mganga anayetaka kumkata mguu mtu mwenye homa, sisi sote tungemkimbia. Mbona kwenye gari letu tunampigia makofi?

GIA ZA OTOMATIKI SI UCHAWI

Mtambo huu si wa juzi. Huko Marekani kampuni ya General Motors iliuweka kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, kwa jina la Hydra-Matic. Ndani yake kuna pampu inayozungushwa na enjini. Pampu inasukuma oili, na nguvu ya oili hiyo ndiyo inayobana pleti za klachi ili gia iingie. Kazi ambayo kwenye gari la kawaida hufanywa na mguu wa dereva, hapa inafanywa na oili. Oili hiyohiyo inalainisha na kupoza. Ikipungua, nguvu inashuka, pleti zinateleza, zinapata moto, mwisho zinaungua. Kwenye magari kama letu kuna na kompyuta, inayopokea habari kwa nyaya na kuamua gia gani iingie na lini.

Kwa hiyo dalili (a) yaweza kuwa oili imepungua tu, ingawa yaweza pia kuwa sili za ndani zimechoka. Na dalili (c) itazameni vizuri: taa kuwakawaka ni kompyuta inatoa taarifa kwamba imeona kasoro, mara nyingi kasoro ya umeme. Pleti iliyoungua haiponi kwa kuzima ufunguo! Hatusemi giaboksi ni nzima. Tunasema hakuna aliyepima.

UTARATIBU WA KUPIMA

1. Oili kwanza. Gari liwe mahali pa tambarare, limetembea mpaka limepata moto, na enjini inaunguruma. Dereva akanyage breki, apitishe mkono wa gia kila nafasi, arudishe P. Kijiti kivutwe, kifutwe, kirudishwe, kivutwe tena, kisomwe kwenye alama ya moto. Oili nzuri ni nyekundu inayong'aa. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, pleti zimepata taabu. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Kazi hii haihitaji hata shilingi moja.

2. Aina ya oili. Dexron, T-IV na WS si kitu kimoja, ingawa zote ni nyekundu. Kitabu cha gari kinasema ipi ni yake. Je, msimu uliopita iliongezwa ipi, na nani aliongeza? Hakuna ajuaye, maana hakuna palipoandikwa.

3. Umeme. Vichwa vya betri vikazwe, waya wa athi usafishwe, plagi za nyaya ziendazo kwenye giaboksi zifunguliwe na kutazamwa. Gari letu linalala ghalani pamoja na panya wa alizeti. Panya hachagui, anatafuna gunia na waya.

4. Kompyuta. Gari lipelekwe Singida mjini, lisomwe kwa mashine, na namba za makosa ziandikwe kwenye karatasi, akabidhiwe Katibu. Chuo cha VETA kipo hapo mjini. Tukaombe ushauri wa walimu wa ufundi wa magari.

5. Hapo ndipo sampo ishushwe, chujio litazamwe. Vumbi laini kidogo ni la kawaida. Vipande vya chuma na mabaki meusi ya pleti ni habari mbaya, na hapo giaboksi ikihukumiwa tutakubali. Tutalipa kwa moyo mweupe, maana tutakuwa tumeona kwa macho.

Lakini kununua giaboksi ya mtumba leo ni kununua mbuzi ndani ya gunia. Hatujui imetembea kilometa ngapi wala ilikuwa na ugonjwa gani. Na kama kosa lipo kwenye waya au oili isiyo yake, giaboksi mpya nayo tutaiua vilevile. Tutachangishwa mara ya pili.

NA SISI WENYEWE TUJITAZAME

Gari hili tunalitumia vibaya, halafu tunamlaumu Mjapani. Magunia yanapakiwa mpaka springi zinalala, na juu yake abiria. Sekenke inapandwa O/D ikiwa imewashwa, gia zinahangaika na oili inachemka, wakati kitufe cha kuizima kipo palepale mkononi. Mlima unashukwa kwa breki tupu, wakati 2 na L zipo kwa kazi hiyo. Masika iliyopita gari lilikwama kwenye matope ya mbuga. Likakanyagwa mafuta matairi yanazunguka hewani, kisha likavutwa kwa trekta, enjini imezimwa, magurudumu yote yako chini, mpaka barabara kuu. Enjini ikizimwa pampu haizunguki, na giaboksi inasagika pasipo oili. Gari la namna hii likivutwa, magurudumu yanayoendeshwa yainuliwe au propela shafti ifunguliwe. Na vijana waache kulisukuma ili liwake. Haliwaki kwa kusukumwa hata wakisukuma mpaka Shelui.

Wanaosema gari la gia za mkono lingetufaa zaidi wana hoja. Fundi wa kijijini analifungua, na betri ikifa linasukumwa. Hoja hiyo iletwe siku tukinunua gari jingine. Kuuza gari gonjwa ambalo ugonjwa wake hatuujui ni kuligawa bure. Atalinunua mjanja mmoja, atabadilisha waya wa shilingi kidogo, na tutaliona likipita hapa limebeba mizigo yetu kwa nauli yake.

Na tusisahau nani anafurahi pikapu ikisimama. Ni mlanguzi. Gari likilala ghalani msimu huu, atakuja kwenye uzio wako na bei yake mfukoni, atataka vitunguu vyako kwa lumbesa, na utauza, maana huna cha kuvipeleka Singida.

KWA HIYO tunaomba mkutano uamue:

Moja, hakuna makato yoyote kabla ripoti ya maandishi haijasomwa mbele ya wanachama.

Pili, wanachama watatu, na mmoja wao awe mama, waende na gari kwa fundi na washuhudie kila hatua.

Tatu, kifaa chochote kikibadilishwa, cha zamani kirudi ghalani tukione.

Nne, uzito ulioandikwa kwenye karatasi za gari ufuatwe, hata kama mwenye mzigo ni mjumbe wa bodi.

Tano, lianzishwe daftari la gari: tarehe, kilometa, mzigo, oili iliyoongezwa na jina la aliyeongeza.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pikapu hii ni mali ya kila aliyetoa hisa, hata yule ambaye hajawahi kuipanda. Kila mmoja aje mkutanini, aulize swali moja tu: kijiti cha oili kimevutwa?

Mwanachama mwenzenu